Kabla ya Kuvuka Mto: Safari ya Kwanza ya Nchi ya Kigeni

Kwetu sisi watu wa Karagwe na Kyerwa nchi ya kigeni si mbali. Ukisimama Murongo watazama maji ya Mto Kagera yakipita, na ng'ambo pale waiona Uganda. Migomba yao ni kama yetu, vilima vyao ni kama vyetu. Hata jina tumeshirikiana: sisi tuna Isingiro yetu, kata katika Wilaya ya Kyerwa, nao wana Isingiro yao, wilaya nzima iliyoanzishwa mwaka 2006. Msemaji wa Kinyambo wa huku huelewana na Mnyankole wa kule bila mkalimani. Wengi wetu tuna shangazi au shemeji upande wa pili.

Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kwamba kwenda Uganda si safari ya nchi ya kigeni, ila ni kama kwenda mnadani. Fikira hiyo ndiyo iliyowatia wengi taabuni. Mto ni mmoja, lakini serikali ni mbili, na kila serikali ina mlango wake. Apitaye mlangoni ni mgeni. Apitaye dirishani huitwa jina lingine.

Leo twataka kuzungumza na wazazi ambao mtoto wao atavuka mpaka peke yake kwa mara ya kwanza, bila baba wa kumsemea wala kaka wa kumshikia mzigo. Ili maneno yetu yasiwe makavu, tumchukue binti mmoja wa Isingiro. Jina lake kamili hatulitaji, maana ni mfano tu, na huenda akawa binti wako.

KARATASI TATU, MAJINA MATATU

Binti huyu ana miaka 20. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja mjini Mbarara. Barua imefika, na masomo yataanza baada ya miezi mitatu. Nyumba nzima imefurahi. Baba amekwisha kuhesabu magunia ya maharage atakayouza kwa ajili ya karo.

Jioni moja mama anafungua sanduku la chini ya kitanda na kutoa karatasi za binti, apate kuzifungasha. Anazipanga mezani, na taa ikiwa karibu wanasoma. Cheti cha ubatizo chasema Yustina. Cheti cha kidato cha nne chasema Justina. Kitambulisho cha Taifa chasema Justine. Tena jina la mwisho katika karatasi moja ni la baba, na katika nyingine ni la babu. Cheti cha kuzaliwa hakimo kabisa sandukuni, wala hakijapata kuwamo.

Wakati huo mjomba wa binti yuko kibarazani anangoja chakula. Anawasikia wakinong'ona, anacheka.

"Dada," asema, "mnajisumbua bure. Mto huu sisi tumeuvuka tangu enzi za babu zetu. Jumamosi nitamtafutia mtu mwenye mtumbwi. Saa moja tu, mtoto yuko ng'ambo, apande gari la Mbarara. Karatasi za nini kati ya ndugu?"

Mama ananyamaza. Baba ndiye anayejibu, polepole.

"Shemeji, kuvuka atavuka, sina shaka. Lakini siku ya kwanza chuoni watamwuliza, 'Umeingia lini Uganda, na kwa ruhusa ya nani?' Awajibu nini? Akiibiwa fedha mjini, atakwenda polisi kuwaambia yeye ni nani? Sipeleki mtoto wangu mahali ambapo itampasa kujificha."

Mjomba si mtu mbaya, na maneno yake yana ukweli wa zamani ndani yake. Mpaka huu haukuwekwa na babu zetu. Ni Waingereza na Wajerumani waliogawana nchi kwa mkataba wa mwaka 1890, wakaacha ukoo mmoja nusu huku nusu kule. Walakini ulimwengu wa leo hauulizi babu yako alivuka namna gani. Wauliza karatasi yako.

Na sisi wa Kagera tuna sababu ya kulijua jambo hilo kuliko wengine. Julai 2013 Serikali iliwapa wahamiaji wasio na vibali majuma mawili kuondoka, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya mpakani. Katika siku zile wapo watu walioishi humu miaka mingi, wakalima na kuzaa watoto, lakini walipoulizwa hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha walizaliwa wapi. Basi mwenye akili alijifunza: karatasi si ya kuendea ng'ambo tu. Hata nyumbani ina kazi.

MWANZO NI CHETI CHA KUZALIWA

Watu wengi hudhani safari huanza kwenye ofisi ya pasipoti. Sivyo. Huanza kwenye cheti cha kuzaliwa, maana karatasi nyingine zote zinasimama juu yake kama nyumba juu ya msingi.

Kwa sheria yetu mtoto yapasa aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Akipita siku hizo hajapotea, lakini wazazi watakuwa na kazi zaidi, kwa kuwa itawalazimu kuleta ushahidi. Ndipo vile vikaratasi vya zamani vinapopata thamani: kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi, na cheti cha ubatizo. Kitabu cha ubatizo cha parokia kina tarehe ya kuzaliwa, jina la mtoto na majina ya wazazi, na kiliandikwa wakati ambapo hakuna aliyefikiri habari za pasipoti. Basi kama cheti cha ubatizo kimeliwa na mchwa, nenda parokiani ukaombe kingine. Kitabu bado kipo.

Tena utahitaji barua ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata inayokutambulisha. Ukiisha kuwa na karatasi hizo, maombi hupelekwa kwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wilayani kazi yake hufanyika katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Na yale majina matatu je? Hapo wazazi wa binti walikaa wakafikiri. Vyeti vya mitihani ndivyo vigumu kubadilisha kuliko vyote, na chuo kimempokea kwa jina lililo katika vyeti hivyo. Kwa hiyo waliamua kwamba jina la Justina, kama lilivyoandikwa shuleni, ndilo liwe jina la karatasi zote, pamoja na jina la baba lile lile mwishoni. Baba akala kiapo mbele ya wakili kwamba Yustina wa ubatizo na Justina wa shule ni mtu mmoja, binti yake. Cheti cha kuzaliwa kikatolewa kwa jina hilo. Halafu binti akaenda kwa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, kuomba kitambulisho kisahihishwe, akiambatisha cheti kipya.

Nyumbani mama bado amwita Yustina. Hakuna neno. Mpakani hawaulizi mama akuitaje, wauliza herufi.

Wazazi mlio na watoto wadogo, sikilizeni. Herufi moja iliyoandikwa vibaya siku ya kwanza ya darasa la kwanza hukua pamoja na mtoto. Mwalimu aliandika alivyosikia, karani aliandika alivyozoea, na mtoto akiwa na miaka 20 mwalipa nauli za kwenda wilayani mara nne. Siku ya kumwandikisha mtoto shuleni, nenda na karatasi mkononi, utazame herufi moja moja. Ni kazi ya dakika tano.

KITAMBULISHO, KISHA PASIPOTI

Kitambulisho cha Taifa huombwa na raia aliyetimiza miaka 18. Namba yake ina tarakimu 20, na zile nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo tarehe ikikosewa, kosa lisomeka mara moja. Itazame kabla hujaondoka ofisini.

Sasa yaja pasipoti. Baadhi ya watu husema, "Mbona Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvukiana kwa kitambulisho tu?" Ni kweli. Nchi hizo tatu zilipatana hivyo mwaka 2014. Lakini Tanzania haimo katika mapatano hayo. Mtanzania aendaye Uganda yampasa awe na pasipoti, au hati ya dharura ya safari itolewayo na Idara ya Uhamiaji. Hati ya dharura ada yake ni ndogo, na yawafaa watu wa safari fupi katika nchi jirani, kama kuzika au kumwona mgonjwa. Lakini mwanafunzi atakayekaa miaka mitatu ajitafutie pasipoti.

Tangu mwaka 2018 nchi yetu hutoa pasipoti ya kielektroniki, yenye kidude kidogo ndani kinachohifadhi habari za mwenyewe. Ya kawaida hudumu miaka 10, na ada yake ni shilingi 150,000. Ni fedha nyingi kwa mkulima, na ndiyo sababu twasema anza mapema. Hata hivyo uliza ofisini kabla ya kuuza mbuzi, maana ada za Serikali hubadilika.

Fomu hujazwa kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Kama huna ujuzi wa kompyuta, vijana wa maduka ya steshenari mjini Kayanga watakujazia kwa malipo kidogo. Lakini keti kando ya kijana huyo umsomee herufi kwa herufi, usimwachie karatasi ukaenda sokoni. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na mtambo, kwa benki au kwa simu, nawe wapata risiti. Mtu akikwambia, "Nipe mkononi nikusaidie, namjua bwana mkubwa," jua huyo ni kishoka. Atakula fedha, na pasipoti hutaiona.

Ukiisha kujaza, ichape fomu uende nayo ofisi ya Uhamiaji ukiwa na cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja au kiapo mahali pake, kitambulisho, picha ndogo, na barua ionyeshayo sababu ya safari. Kwa binti wetu sababu ilikuwa barua ya chuo. Hapo watamwuliza habari za ukoo wake: amezaliwa wapi, baba amezaliwa wapi, babu alikaa kijiji gani. Watu wa mpakani huulizwa zaidi kuliko watu wa Dodoma. Binti asikasirike, wala asibuni. Ajibu alijualo. Ni vema baba amsimulie habari za ukoo kabla ya siku hiyo. Vijana wengi hawajui hata jina la kijiji alichozaliwa bibi yao.

KADI YA MANJANO

Karatasi nyingine ni ndogo, nayo husahauliwa na wengi: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo yenyewe ni sindano moja. Lakini haianzi kufanya kazi siku ile ile. Kwa kanuni za kimataifa cheti hukubaliwa baada ya siku 10 tangu kuchanjwa. Anayekimbilia sindano siku ya kuamkia safari amechelewa.

Zamani cheti hicho kilidumu miaka 10. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba chanjo moja yatosha maisha yote. Basi kama ulichanjwa siku nyingi na kadi yako unayo, itunze vizuri. Chanja kwenye kituo kilichoruhusiwa, upewe kadi yenye muhuri. Kadi za kununua barabarani hazikingi mtu na ugonjwa, tena ni kosa la jinai.

Usishangae vilevile ukipimwa joto la mwili mpakani. Mkoa wetu wa Kagera ulipatwa na homa ya Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025 kule Biharamulo. Uganda nayo ilikuwa na Ebola mwaka 2022 na mwaka 2025. Yule mwenye kipimajoto analinda watoto wa pande zote mbili.

MZIGO WA BINTI

Usiku wa mwisho mama anafunga mzigo, na hapa ndipo habari za forodha zinapoanza. Kama walivyo akina mama wote, hataki binti aende mikono mitupu kwa shangazi yake wa Mbarara. Ameweka nguo, shuka, ndizi mbivu za kula njiani, senene wa kukaanga ndani ya chupa, na buni kidogo za kutafuna, maana mgeni wa heshima kwetu haji bila hizo. Kisha ametia machipukizi mawili ya mgomba, yamefungwa vizuri kwa majani makavu.

Baba anayaona machipukizi, anayatoa.

"Mama Yustina, haya hapana."

"Mgomba tu, Baba Yustina? Wifi aliniomba tangu mwaka juzi."

"Mnyauko ulituingiaje hapa?"

Mama hakujibu, maana alikumbuka. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaonekana Kagera. Wakulima waliona majani yakinyauka, mikungu ikiiva ovyo, na shina likikatwa latoa uteute wa manjano. Ugonjwa ule huenda kwa panga lisilosafishwa, tena huenda kwa machipukizi. Kwa hiyo mche au chipukizi halivuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Si ukali wa serikali bure. Chipukizi moja la zawadi laweza kumaliza shamba la shangazi na mashamba ya jirani zake wote.

Sasa tuseme juu ya ushuru, kwa kuwa watu huogopa wasiyoyajua. Nguo zako, viatu, vitabu, simu yako uitumiayo, hivyo ni vitu vya mwenyewe na havitozwi ushuru. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, ni moja kwa nchi zote za Jumuiya. Mkazi arudiye nyumbani baada ya kukaa nje zaidi ya saa 24 aweza kuleta bila ushuru vitu alivyonunua vya thamani isiyozidi kiasi kilichowekwa na sheria, mradi ni vya matumizi yake au zawadi, si vya biashara. Vinywaji vikali visizidi lita moja, au mvinyo lita mbili. Tumbaku na sigara jumla gramu 250. Tena hayo ni kwa aliyetimiza miaka 18. Weka risiti ya kila kitu kipya. Simu mpya bila risiti huleta maneno mengi.

Mwenye kubeba fedha taslimu zifikazo dola 10,000, au zaidi, yampasa kuzitaja. Najua wasomaji wetu wengi watacheka hapo, lakini wafanyabiashara wa ng'ombe wasicheke.

Mazao ya biashara yana njia yake. Mkulima au mama mchuuzi mwenye mazao ya nchi za Jumuiya, ya thamani isiyozidi dola 2,000, aweza kupata pale pale mpakani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, na kwa cheti hicho halipi ushuru wa forodha. Wako wanaovusha magunia usiku kwa woga wa ushuru ambao wala wasingedaiwa mchana! Ada ndogo nyingine huweza kuwapo, na vibali vya mimea au mifugo vyatakiwa, lakini uliza kwanza, usikimbie kwanza.

Kahawa tuiseme peke yake, kwa kuwa twaijua inavyotuumiza. Buni chache za kutafuna mfukoni ni desturi. Gunia la kahawa ni jambo lingine. Kahawa yetu huuzwa kupitia vyama vya msingi kwa taratibu za Bodi ya Kahawa, na kuivusha mto bila kibali ni magendo. Mtu akimwambia kijana wako, "Kwa kuwa unakwenda Mbarara, nisaidie na kifurushi hiki," kijana na akatae kwa adabu. Asichukue kifurushi asichokifunga mwenyewe, hata kama mtoaji ni rafiki wa familia. Kikifunguliwa mpakani, mwenye mzigo ni yule aliyeushika.

Na mifuko ya plastiki ya kubebea iacheni. Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Kikapu cha mama ni bora zaidi.

SIKU YENYEWE

Kutoka kwetu njia ya karibu ni Murongo, ambako daraja lavuka mto hadi Kikagati. Wengine hupenda kupitia Mutukula, ambako tangu Novemba 2017 kuna kituo cha pamoja cha mpaka, yaani maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja na msafiri hasimami mara mbili. Upite kokote, neno ni moja: hakikisha umegongewa mihuri miwili, wa kutoka Tanzania na wa kuingia Uganda. Asiyegongewa ameingia kama aliyevuka kwa mtumbwi, hata kama alipita darajani mchana kweupe.

Binti alifika asubuhi. Mapigo ya moyo aliyasikia masikioni. Alimpa ofisa pasipoti kwa mikono miwili.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti. Safari ya wapi?"

"Mbarara, afande. Nakwenda chuoni."

"Una barua yao?"

"Ninayo." Akaitoa. Ofisa akatazama barua, akatazama pasipoti, akatazama kadi ya manjano. Jina lilikuwa moja katika zote tatu. Akagonga muhuri.

"Haya, nenda salama. Usipitishe siku watakazokupa."

Basi ikawa imekwisha! Miezi mitatu ya mihangaiko, na mlangoni haikupita dakika chache. Ndivyo ilivyo kazi ya karatasi: ikifanywa vizuri, haionekani.

Upande wa pili raia wa nchi za Jumuiya haombi viza. Aweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6, lakini hesabu siku zilizoandikwa kwenye muhuri wako, si zile ulizosikia kwa watu. Mwanafunzi yampasa kwenda mbele zaidi na kuomba pasi ya mwanafunzi kwa Uhamiaji wa Uganda. Chuo chenyewe humwonyesha njia.

UGENINI

Toka Kikagati hadi Mbarara ni kama kilomita 70 hivi, na gari lapita katika Isingiro ile nyingine. Fedha badilisha benki au duka lenye leseni, si kwa vijana wanaokimbilia dirisha la basi. Shilingi ya Uganda ina jina la shilingi yetu, ila thamani yake ni ndogo kuliko yetu. Jifunze hesabu yake kabla hujanunua hata maji. Aendaye Rwanda akumbuke kwamba magari ya huko hupita kulia, na saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja. Wengi wamekosa kugongwa kwa bahati tu, na wengi wamesubiri gari bure.

Ukifika unapokaa, mwenyeji wako akupeleke kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, anayeitwa huko mwenyekiti wa LC I. Ni desturi njema, kama ile yetu ya kumpeleka mgeni kwa balozi. Siku ya matata, mtu aliyekuona ukiamkia kwa heshima ndiye atakayesema, "Huyu namjua."

Kabla ya kuondoka binti alifanya jambo moja la busara. Alitoa nakala mbili za kila karatasi. Moja akamwachia mama katika lile sanduku, nyingine akaiweka mbali na pasipoti yenyewe. Pasipoti ikipotea, hatua ya kwanza ni polisi kupata ripoti, na ya pili ni Ubalozi wetu wa Kampala. Ubalozi huo uko katika barabara iitwayo Kagera, jina ambalo mtu wa kwetu hawezi kulisahau.

KWA WANAOKWENDA MBALI ZAIDI

Hatuwezi kufunga bila kuwataja binti wengine, wale wanaoitwa kwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na nchi nyingine za Ghuba. Wapo waliofika salama wakajenga nyumba kwa wazazi wao. Wapo pia waliorudi wakilia. Mara nyingi mwanzo wa kilio ulikuwa karatasi: wakala asiye na leseni, mkataba usiosomeka, na pasipoti iliyochukuliwa siku ya kwanza.

Wazazi, mtu akija na ahadi za mshahara mkubwa, mwulizeni leseni yake, kisha mthibitishe kwa ofisi ya huduma za ajira ya Serikali. Ombeni mkataba wa maandishi, muusome kabla ya safari, si uwanjani. Mwambieni binti kwamba pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania iliyokabidhiwa kwake. Tajiri hana haki ya kuifungia sandukuni. Na mtu akitaka binti yenu avuke kwa njia ya panya hadi nchi jirani ili apandie ndege huko, msimsikilize zaidi. Anayekwepa mlango wa nyumbani ana sababu. Biashara ya kuuza watu ni kosa kubwa nchini kwetu kwa sheria ya mwaka 2008.

NENO LA MWISHO

Na yule mjomba? Asubuhi ya safari alikuja kumsindikiza binti mpaka Murongo, akabeba kikapu. Walipokuwa wakirudi, alinyamaza muda mrefu, kisha akamwuliza baba, "Shemeji, hicho cheti cha kuzaliwa, mtu mzima kama mimi naye aweza kukipata?"

Aweza. Nawe msomaji waweza. Usingoje barua ya chuo, wala habari ya msiba wa ng'ambo. Jumapili hii, baada ya chakula, fungua sanduku lako, uzipange karatasi za watoto wako mezani, usome majina yao herufi kwa herufi. Ikiwa ni jina moja katika zote, mshukuru Mungu uyafunge. Ikiwa ni majina matatu, basi Jumatatu una safari, nayo si ya mbali: ni ya kwa Mtendaji wa Kijiji.